Enka ya mara ya tatu, chuma cha bure na viatu vya mjukuu

Wasomaji wangu, habari za tangu mwezi uliopita. Meseji zenu nimezisoma zote, zingine nimezijibu hukohuko kwa sababu zilikuwa za haraka, hizi sita nimezileta hapa maana naona karibu zote zina ugonjwa mmoja: mtu kaumia, maumivu yamepungua, kaacha kila kitu, alafu baada ya muda yuko palepale anauliza imekuwaje. Na kabla hatujaanza, wengi mnaniita dokta. Mi si daktari wa mifupa, mi ni mtu wa fiziotherapia, wale mnaotuita "watu wa mazoezi". Daktari anaunga mfupa, sisi tunakufundisha kuutumia tena. Mkiniita dokta sikatai, ila mjue.

SWALI: Mambo vipi dokta. Nacheza ndondo huku Mbagala, winga ya kulia. Enka ya mguu wa kulia imeteguka mara tatu toka mwaka jana. Kila ikiteguka bi mkubwa ananikanda maji ya moto na chumvi, siku tano sita uvimbe unakata narudi uwanjani. Hii ya mwisho hata sikuguswa na mtu, nilikuwa nageuka tu ikaenda yenyewe. Ni mfupa? Nikapige eksirei?

JIBU: Poa mdogo wangu. Nianze na eksirei maana ndo swali ulilouliza. Kuna kipimo cha mkono tu ambacho madaktari wa Ottawa kule Canada walikitoa mwaka 1992 na mpaka leo duniani kote tunakitumia: je, palepale ulipoumia uliweza kukanyaga hatua nne, hata kwa kuchechemea? Na ukibonyeza yale mafundo mawili ya mfupa yanayotokeza pembeni ya enka, la ndani na la nje, kwenye ukingo wa nyuma na kwenye ncha yake, unaruka kwa maumivu? Bonyeza pia mfupa ulio katikati ya ubavu wa nje wa mguu, njiani kuelekea kidole kidogo, na ule unaotokeza juu ya upinde wa unyayo kwa ndani. Kama hatua nne zimekushinda au mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa, nenda kapige picha, usibishane. Kama unakanyaga na kinachouma ni nyama za mbele ya fundo, kwa kawaida ni kano zimevutika au zimechanika.

Sasa hilo la kwenda yenyewe. Kano ni zile kamba ngumu zinazoshika mfupa na mfupa, na enka ikipinda kwa ndani zinazoumia ni za upande wa nje. Kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba zile kamba hazishiki tu, zinatoa taarifa pia. Ndani yake kuna vineva vinavyouambia ubongo mguu umekaaje, na ubongo unaamrisha misuli ya ubavuni ikaze kabla hujaanguka. Kano ikichanika ile taarifa inachelewa. Uvimbe umeisha, maumivu yameisha, unatembea vizuri mpaka demu wako hajui kama uliumia, lakini ukigeuka kwa spidi kwenye kiwanja cha mchanga chenye mashimo taarifa inafika mguu ushapinda. Ndo maana hukuguswa na mtu.

Hebu fanya hivi sa hivi. Simama peku kwa mguu wa kushoto, mikono kifuani, fumba macho, hesabu. Badilisha wa kulia. Naweka dau kulia hufiki kumi, na utaona vidole vinakwangua sakafu kama kuku anatafuta funza. Hiyo ndo enka yako inavyofanya kazi.

Dawa ni ya bure na inaboa kweli kweli, ndo maana watu hawaimalizi. Wiki mbili za kwanza kila ukipiga mswaki simama mguu mmoja, macho wazi, asubuhi na jioni. Ikishakuwa rahisi fumba macho. Ikishakuwa rahisi tena kunja blanketi nene au godoro la mtoto usimame juu yake, mshkaji akurushie mpira uudake. Pamoja na hapo inuka kwa vidole, kwanza miguu miwili kisha mmoja, mara 15 raundi tatu. Wiki nane. Sio siku nane. Kurudi uwanjani usiangalie kalenda, angalia mguu: kama unaruka kwa mguu mmoja mara kumi bila kuuma na bila kuyumba, na unakata kona kwa spidi pande zote mbili, kushoto na kulia, bila kuusikilizia, rudi, ila funga bandeji au vaa sapoti msimu wote huu.

Na bi mkubwa msalimie, mwambie sina ugomvi nae. Maji ya moto siku mbili tatu za mwanzo yanaongeza uvimbe tu. Barafu ya dukani, ile ya kwenye kifuko, izungushie kanga uweke dakika 15, funga bandeji, pandisha mguu juu ya mto. Maji yake ya moto ayatunze ya wiki ya pili, hapo yanasaidia kulegeza. Chumvi arudishe jikoni.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo sekondari moja hapa Mwanza, nafundisha wasichana mpira wa miguu na netiboli. Muhula huu mabinti wawili magoti yamekwenda, mmoja alisikia kitu "ta!" akitua baada ya kuruka, hakuna aliyemgonga, goti likajaa siku ileile. Kabla ya mazoezi huwa tunazunguka uwanja mara tatu na kunyoosha viungo. Nakosea wapi?

JIBU: Mwalimu, huyo wa "ta" usimsubirie. Mlio, goti kujaa ndani ya masaa machache, na hakuna aliyemgusa, hiyo mara nyingi ni kano ya mbele iliyo katikati ya goti imekatika. Aonwe na daktari wa mifupa hata kama sasa anatembea, maana wengi baada ya wiki tatu nne wanatembea vizuri wanadhani wamepona, wanarudi kucheza, goti linawatoka tena na safari hii linaondoka na ule mto wa ndani unaokaa kati ya mifupa. Akifanyiwa upasuaji asirudi kwenye mashindano kabla ya miezi tisa hata kama mechi ya mkoa inamhitaji. Najua presha mnayopata, ila miezi tisa.

Sasa hilo la "nakosea wapi". Kuzunguka uwanja si vibaya, kunyoosha si vibaya, ila havimfundishi binti kutua. Wasichana wanaumia kano hiyo zaidi ya mara mbili ya wavulana kwenye michezo ileile, na ukirekodi kwa simu utaona sababu moja wazi: wakitua magoti yanaingia ndani yanataka kubusiana, na mguu uko karibu umenyooka. Rekodi leo, mabinti kumi wapande kwenye benchi la darasani waruke chini, wewe uwaangalie kwa mbele. Utajua nani yuko hatarini bila mashine yoyote.

Kuna programu ya kupasha mwili inaitwa FIFA 11+, ilitengenezwa na wataalamu wa FIFA pamoja na kituo cha utafiti wa majeraha ya michezo cha Oslo. Inakula dakika 20 ukishaizoea. Dakika nane kukimbia taratibu kwa mitindo tofauti, dakika kumi nguvu na balansi na kuruka, dakika mbili za mwisho kukimbia kwa kasi na kukata kona. Haihitaji kifaa, mpira tu na koni, na koni ni chupa za maji zenye mchanga. Kule Norway waliijaribu kwa mabinti wa miaka 13 mpaka 17, karibu 1,900, wakachapisha matokeo mwaka 2008: timu zilizoifanya zilipunguza majeraha kwa kama theluthi, na majeraha makubwa yalipungua karibu nusu. Mkuu wa shule akikwambia ni kupoteza muda mwonyeshe hizo namba, alafu muulize muhula huu mmepoteza wachezaji wangapi.

Zoezi moja nalipenda kuliko yote humo, na mabinti watakuchukia kwa ajili yake. Mchezaji anapiga magoti chini, mwenzie nyuma anamkandamiza miguu kwenye enka. Mwili umenyooka kuanzia goti mpaka kichwa kama mlango, anaanza kujilaza mbele pole pole akijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja mpaka inamshinda, anajidaka kwa mikono. Anza na mara tatu mpaka tano, basi. Kesho yake watalalamika kupanda ngazi, waambie wiki ya tatu hawatalalamika. Misuli hiyo ndo inayomsaidia goti lisichomoke, na pia ndo ile inayochanika wakikimbia, wale wa "nyama za paja" mnaowajua.

Angalau mara mbili kwa wiki, msimu mzima, na usikae pembeni unachat. Unapiga kelele neno moja tu: magoti juu ya vidole! Ukiacha kusimamia ndani ya mwezi litakuwa zoezi la kupiga stori.

SWALI: Kaka mi bodaboda wa Morogoro, nilipata ajali nikavunjika paja, nimewekewa chuma ndani ya mfupa huu ni mwezi wa tatu unaingia. Natembea na magongo. Goti halikunji, likifika kama kiti hivi linagoma. Kijiweni wananiambia hivi vyuma ni vya msaada, vya bure, eti vinakatika. Ni kweli? Na lini ntarudi barabarani, mkataba wa pikipiki unanisubiri. Fiziotherapia nilienda mara moja nikaacha, nauli.

JIBU: Pole sana kaka, na nashukuru umeandika kabla hujapanda hiyo pikipiki.

Chuma kwanza. Sijaiona picha yako, ila vyuma vya ndani vya paja na muundi vinavyotumika kwenye hospitali nyingi kwetu, ikiwemo MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, ni vya SIGN. Hilo ni shirika la Richland, jimbo la Washington Marekani, lilianzishwa 1999 na daktari wa mifupa anaitwa Lewis Zirkle. Kweli hospitali zinapewa bila kuuziwa, na zenyewe zinatuma rekodi na picha za wagonjwa ndo zinapata vingine. Lakini cha msaada si cha hovyo. Ni fimbo ya chuma kizima, sio bomba, na kimebuniwa makusudi kwa sehemu ambazo hazina ile mashine ya eksirei ya ndani ya chumba cha upasuaji: daktari anafunga mkono wa chuma kwa nje unaomwonyesha matundu ya skrubu yako wapi ndani ya mfupa. Mwenye mashine anaangalia kwenye skrini, asie nayo anapima kwa huo mkono, na skrubu inaingia palepale.

Kukatika je? Chuma chochote kinakatika, hata cha mamilioni. Chukua waya uukunje na kuukunjua mara nyingi, utaachia. Chuma chako na mfupa wako viko kwenye mbio. Mfupa ukiunga kwanza, chuma kinapumzika. Mfupa ukichelewa kuunga kinabeba mzigo peke yake kila hatua mpaka kinachoka. Kwa hiyo swali sio chuma ni cha nani, swali ni mfupa umefika wapi, na jibu liko kwenye picha, sio kijiweni. Paja la mtu mzima ni miezi mitatu mpaka sita hivi. Kama unavuta sigara acha, na hapa si mahubiri, sigara inachelewesha mfupa kuunga, hilo halina ubishi. Usikose kliniki ya mwezi wa tatu, na muulize daktari maneno haya haya: sasa hivi naruhusiwa kuweka uzito kiasi gani kwenye mguu?

Goti ndo linalonitisha mimi. Goti halikuvunjika, limeganda kwa sababu umekaa nalo limenyooka wiki kumi. Kila wiki unayoiacha linazidi kuwa gumu, na kuna mahali likifika hata sisi tunashindwa, unarudishwa kwa daktari. Kwenye pikipiki unahitaji likunje zaidi ya kiti, na choo cha kuchuchumaa kinahitaji zaidi ya hapo. Nauli nakuelewa, basi tufanye hivi: nenda mara moja kila wiki mbili upimwe, mengine fanya nyumbani. Kaa sakafuni umeegemea ukuta, vaa soksi kisigino kiteleze, vuta kisigino kuja makalioni mpaka pagumu, shika hesabu tano, nyoosha. Kama sakafu ni ya mchanga tandika ubao. Mara kumi, mara nne kwa siku. Kisha kaa mezani miguu inaning'inia, mguu mzima uuweke juu ya mbovu uusukume kwa nyuma taratibu. Itavuta, itauma kidogo, hiyo ruksa. Maumivu yakibaki usiku mzima umezidisha, punguza kesho.

Alafu nguvu: kunja taulo weka chini ya goti, likandamize kwa nguvu kama unataka kulizamisha sakafuni, hesabu kumi, achia, mara kumi. Na lala ubavu inua mguu juu, hiyo ni ya nyonga, bila hiyo utatembea kwa kuyumba hata miaka miwili baada ya mfupa kupona.

Chuma hakitolewi lazima, wengi wanaishi nacho. Ukiona usaha kwenye kidonda, homa, au kigimbi kimevimba na kuuma ghafla, hospitali siku hiyohiyo. Kuendesha, mpaka daktari aseme mfupa umeunga na wewe mwenyewe uweze kushuka na kusimama kwa mguu huo bila gongo. Najua boss wa pikipiki hataki kusikia.

SWALI: Dada, mi mama lishe. Nikiamka asubuhi nikikanyaga chini kisigino kama nimekanyaga mwiba, nikitembea kidogo kinaachia, jioni kinarudi. Nimepiga picha nimeambiwa mfupa umeota.

JIBU: Mwanzo kabisa mi ni kaka, ila hamna shida mama. Huo mfupa ulioota usikutishe, watu kibao wanao na hawaumwi chochote. Kinachouma ni utando mgumu wa chini ya unyayo pale unaposhikia kisigino. Unasimama saa kumi na moja alfajiri mpaka jioni, juu ya sakafu ya saruji, na ndala zilizoisha mpaka unaona kidole gumba kimejichora. Hizo ndala ndo za kwanza kufukuzwa. Tafuta raba au sendo yenye soli nene, na uivae hata ndani, hatua ya kwanza kitandani isiwe peku.

Zoezi: simama kwenye ngazi kisigino kikining'inia, weka kitambaa cha jikoni umekikunja chini ya vidole ili viinuke juu. Panda kwa mguu mmoja hesabu tatu, kaa juu hesabu mbili, shuka hesabu tatu. Mara 12, raundi tatu, siku moja ufanye siku moja upumzike. Ikishakuwa rahisi beba begi la mgongoni lenye kilo kadhaa za mchele, wewe hukosi. Lakini mama, hii ni ya miezi mitatu, kuna wiki ya tatu utaona haifanyi kazi, ndo wiki wengi wanaachia. Sindano ya kisigino usiikimbilie.

SWALI: Mkanda wa mgongo unatibu? Nabeba mizigo sokoni, nimeuziwa.

JIBU: Hautibu. Vaa siku ile unabeba sana ukikusaidia, ila usilale nao na usiuvae siku nzima, misuli yako inaenda likizo. Mgongo wa kawaida unataka utembee, sio ulale kitandani wiki nzima. Ila ukipata ganzi sehemu unayokalia, mkojo ukagoma kutoka au ukajitokea wenyewe, usisubiri kupambazuke, hospitali. Na mgongo unaouma wiki kwa wiki huku unakonda, unatoka jasho usiku, kuna kanundu kameanza kujitokeza, hiyo ichunguzwe TB, maana TB haikai kifuani tu.

SWALI: Mwanangu, mimi ni bibi. Mjukuu wangu alizaliwa na miguu imepinda kwa ndani, akafungwa mahogo, zile plasta ngumu, kila wiki mara sita, miguu ikanyooka vizuri mno. Akapewa vile viatu vyenye chuma katikati. Analia navyo usiku, mama yake kavivua, mtoto ana miezi minane sasa. Naona mguu mmoja kama unaanza kuangalia ndani. Ni macho yangu?

JIBU: Shikamoo bibi. Sio macho yako, macho yako mazima kabisa.

Njia hiyo ya mahogo ya kila wiki ni ya daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa Marekani, na inanyoosha miguu ya watoto wengi mno bila upasuaji mkubwa. Mahogo matano mpaka saba hivi, wengi wanakatwa kidogo tu ile kamba ngumu ya nyuma ya kisigino, alafu viatu. Sasa viatu ndo tiba yenyewe, mahogo yalikuwa utangulizi. Miezi mitatu ya mwanzo ni masaa 23 kwa siku, lile moja la kuoga, baada ya hapo ni usiku na akilala mchana mpaka afike miaka minne hivi. Mtoto akivuliwa mapema miguu inarudi, wengi inarudi, kwa sababu kano zinakumbuka zilivyokuwa tumboni.

Usimgombeze mama yake. Mtoto akilia usiku na nyumba ni chumba kimoja kila mtu anatamani vivuliwe. Mara nyingi analia kwa sababu kisigino hakijakaa chini kabisa kwenye kiatu kinamkwaruza, au kiatu kimekuwa kidogo, watoto wanakua haraka. Angalia kisigino kama kina wekundu usioisha. Mvalishe soksi ya pamba isiyo na mshono, funga mkanda wa katikati kwanza ndipo vingine, na mchezeshe akiwa navyo, umpigishe miguu yote miwili pamoja, akijua chuma kinakwenda na miguu miwili anaacha kupigana nacho.

Mrudisheni kliniki wiki hii. Kwa miezi minane bado mahogo mawili matatu yanaweza kuurudisha, si kama kuanza upya. Na hivyo viatu njooni navyo hata kama havimtoshi, wataviangalia vilivyolika.